Nimeoga mwani wiki tatu kwa ajili ya mgongo. Yaliyonikuta haya hapa (Tanga)

Fundi wa Barabara ya Nane (mleta uzi)

Habari za humu ndani. Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mwaka huu natimiza miaka 22 juu ya kiti kimoja. Wanaoijua kazi hii wanaelewa: shingo mbele, mgongo upinde, mguu haupumziki. Na zile wiki mbili kabla ya Idi ndiyo usiseme, kila mtu anataka dera lake jana. Basi mwaka jana mgongo ukaanza kunigomea. Nikitaka kuinuka nainuka kwa mafungu, kwanza mikono mezani, halafu kiuno, halafu magoti, kama ngamia.

Hospitali nimekwenda. Wakapiga picha, wakasema mifupa iko sawa, ni misuli. Nikapewa vidonge. Vikanyamazisha mgongo, vikaamsha vidonda vya tumbo. Nikaviweka kando.

Sasa nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Ireland anahudumia wazee. Siku moja kanipigia kwa video, uso unang'aa kama aliyetoka saluni. Namuuliza, una nini? Ananiambia, dada, nimetoka kuoga mwani.

Nikadhani anatania. Kumbe kweli. Kule upande wa magharibi, jimbo la Sligo, kuna mji wa pwani unaitwa Enniscrone, una nyumba ya kuogea mwani tangu 1912. Unalala ndani ya hodhi kubwa la kauri, maji ni ya bahari yaliyotiwa moto, na humo ndani wamekujazia mwani uliochumwa pwani hapo hapo. Kabla hujaingia unaweza kukaa kwenye kasha la mbao lenye mvuke, mwili wote ndani, kichwa tu kimechomoza. Ukimaliza kuoga unajimwagia maji ya bahari baridi. Wazee wenye baridi yabisi wanakwenda, wakulima wanakwenda, na wacheza mpira nao wamo.

Nikawaza: mwani? Mwani huu huu unaoanikwa Mkinga? Sisi tumekalia dawa tunaiuza kwa kilo?

Jumatatu moja nikafunga duka, nikapanda gari za Horohoro, nikashuka njiani nikachukua bodaboda hadi pwani, vijiji vya upande wa Moa. Lilikuwa bamvu, maji yamekupwa mpaka unaona vigingi na kamba zote. Akina mama wameinama kama wanapanda mpunga. Mmoja, mtu mzima kanizidi kama miaka 15 hivi, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Mwani wa nini?"
"Wa kuogea, mama."
Aliketi juu ya kiroba akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Tukaelewana bei. Hapo nikajifunza kitu: wao hawauzi mbichi. Mwani mbichi kilo saba mpaka kumi ukikauka unabaki kama kilo moja, na mnunuzi hulipa ile kavu. Kwa hiyo viroba vyangu viwili, vilivyonivunja mkono kuvibeba, kwake yeye ni kilo mbili na kitu. Nikamwongeza kwa kicheko alichonipa.

Nyumbani nina tangi la zamani la lita 500, lilipasuka juu. Fundi bomba akalikata nusu, nikapata hodhi la kwangu, liko uani nyuma ya jiko. Maji nimeletewa na kijana wa guta kutoka Sahare, madumu manane.

Na hapa ndipo nilipoharibu. Mimi nikasema mwani ni dawa, na dawa huchemshwa. Nikatoa sufuria la shughuli, lile la pilau, nikatia mwani wote, maji ya bahari, kuni chini, saa nzima unatokota. Nikaumimina kwenye tangi, nikaongeza ya baridi, nikaenda kuswali kwanza ili yapoe kidogo. Nimerudi nakuta faluda.

Sitanii. Imeganda! Naingiza mkono, unatoka na tonge. Binti yangu ananiuliza, mama, tutie iliki?

Nitaendelea jioni, nina mteja.

---

Kijoti wa Sahare

Hahahaha faluda ya lita mia! Dada umenimaliza. Naweka mkeka hapa, sitoki.

---

Mtu Mzima Hapigi Kelele

Chai ya tangawizi hii. Subirini, ukurasa wa pili ataweka bei ya mwani wa kuogea na namba ya kutuma hela.

---

Bi Mpemba

@Mtu Mzima, acha ubishi usio na kazi. Kuganda ni kweli, na ndiyo maana mwani unanunuliwa. Ule ute wake unaitwa karajinani, unakwenda kwenye dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya pakiti, kuvifanya vishikamane. Ukiuchemsha unatoka, ukipoa unaganda. Na faluda yenyewe mnayoicheka, ile chinagrasi ya dukani nayo ni ya mwani, ila wa jamii nyingine.

Kwetu visiwani kilimo hiki cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani, mbegu ikitoka Ufilipino. Lakini kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwisha kuutafiti mwani tangu miaka ya 1970. Sasa hivi akina mama wa Paje wanatengeneza sabuni na mafuta ya mwani, wageni wananunua. Kwa hiyo kuoga mwani si ajabu. Kuupika pilau ndiyo ajabu. Pole fundi.

---

Mtu wa Galanos

Dada yangu umezunguka mpaka Mkinga na maji ya moto unayo mlangoni? Nenda Galanos, pale karibu na mapango ya Amboni. Maji yanatoka ardhini yenyewe, yana kiberiti, huhitaji kuni wala guta. Babu zetu walikuwa wanapeleka wenye upele na wenye viungo vibovu.

---

Fundi wa Barabara ya Nane

Nimerudi.

@Mtu wa Galanos, kaka, Galanos nimekwenda, mara mbili. Sina ubaya nako. Ila ile harufu ya yai viza nilirudi nayo mpaka dukani, mteja akanusa kitambaa chake akanitazama. Nikaona basi.

@Mtu Mzima, siuzi kitu. Nashona.

Tuendelee. Ile faluda niliimwaga shambani kwa jirani (aliiomba mwenyewe, kwenye minazi). Nikampigia mdogo wangu, akanicheka naye, akasema mwani hauchemshwi. Kinachotiwa moto ni maji. Mwani unaoshwa, unatolewa mchanga, unawekwa kwenye hodhi, halafu unamiminiwa maji ya moto juu yake. Ute unatoka wenyewe taratibu.

Mara ya pili nikafanya hivi, na mkitaka kuiga iga hii:

Mwani mbichi debe moja, usionuka. Mwani mzima unanuka bahari, ukinuka uvundo umekufa. Ukague kwa mkono, usiutie tu. Mimi nilikaa na kikaa kidogo ndani ya tangi, tukatambuana baadaye.

Madumu sita ya maji ya bahari kama yalivyo, na dumu moja yanayochemka. Kwa joto la bahari yetu hapa unapata maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, au yamezidi kidogo tu. Usipime kwa kiganja, kiganja changu mimi kimezoea pasi ya mkaa hakisikii kitu. Pima kwa kiwiko.

Unakaa dakika 15, ishirini ikizidi. Maji ya kunywa pembeni. Na mtu awepo karibu, kwa sababu ute ule unateleza kuliko bamia, na kutoka ndani ya tangi ni mtihani wa peke yake. Niliita binti na jirani, wakanitoa kama wanamtoa samaki kwenye dema.

Nimeoga hivyo mara sita ndani ya wiki tatu. Majibu bila kuongeza chumvi (ipo ya kutosha):

Ngozi imekuwa laini, sana. Kisigino changu hakijawahi kuwa hivi tangu niolewe.

Usingizi, siku ya kuoga nalala kama gogo.

Mgongo unalegea. Usiku ule na asubuhi yake nainuka mara moja, si kwa mafungu. Kesho kutwa unarudi kama ulivyo.

Goti la kulia, hakuna. Linanitazama tu.

---

Mkanda Viungo

Dada hongera kwa kueleza kitu kama kilivyo, wengi humu wangesema wamepona saratani.

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya tiba kwa wagonjwa wa viungo, niruhusu nitie neno. Maji ya moto yanatanua mishipa ya damu, misuli iliyokaza inaachia. Ukiwa ndani ya maji mwili unaelea, kwa hiyo uti wa mgongo unapunguziwa mzigo. Hivyo viwili peke yake vinatosha kueleza ulichokisikia. Mwani unachokupa kwa uhakika ni ule utelezi kwenye ngozi.

Halafu jueni kwamba mwani wa Ireland si huu wetu. Wao hutumia wa kahawia, unaota kwenye miamba ya bahari baridi, jani lake lina meno kama msumeno. Ute wake ni alijineti. Wetu wa kulimwa ni jamii ya mwani mwekundu, hata ukiuona wa kijani, na ute wake ndiyo hiyo karajinani aliyoisema Bi Mpemba. Kwa hiyo msichukue sifa za yule mkampa huyu.

Wasioge bila kumuuliza daktari: wajawazito, wenye moyo au presha isiyotulia (maji ya moto yanashusha presha, ukisimama ghafla unaanguka), wenye vidonda vibichi, na wenye kisukari ambao miguu imeingia ganzi, maana wataungua wasijue. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo naye aulize kwanza kwa sababu mwani una madini joto (ayodini). Na mwani usichumwe karibu na bandari au bomba la maji machafu, unafyonza kila kilichomo majini.

Na wewe fundi, mgongo ukija na ganzi ya mguu au ya sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, homa, au kukonda bila sababu, achana na tangi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Nje ya hapo, dawa ya mgongo wa cherehani ni kuinuka kila nusu saa, kutembea, na mazoezi ya tumbo na mgongo. Hiyo haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, ila ndiyo inayodumu.

---

Kaka wa Mlingotini

Nipo Bagamoyo, Mlingotini. Mama yangu amenilea kwa mwani, ada ya shule yote ilitoka kwenye kamba na taitai (vile vikamba vya kufungia mwani). Naomba niseme upande ambao hamjausema.

Kuna aina mbili. Spinosamu, mwembamba, una vimiba vimiba, unavumilia, bei yake ndogo. Na kotonii, mnene, bei nzuri. Kotonii kwetu ulikuwepo. Maji ya pale ndani yalipozidi kupata joto ukaanza kuumwa, unageuka mweupe, unalainika, unakatika, unaondoka na maji. Unakwenda shamba asubuhi unakuta kamba tupu. Wanaotaka kuulima inabidi waende kina kirefu, na huko kunataka mtumbwi na kujua kuogelea, na mama zetu wengi hawajui kuogelea. Ndiyo hivyo. Mtu anaishi baharini miaka 30 na hajui kuogelea.

Fundi, wewe ulinunua upi?

---

Fundi wa Barabara ya Nane

@Kaka wa Mlingotini, wenye vimiba. Pole kwa mama, na hongera kwake.

---

Mgogo wa Area C

Sisi wa Dodoma tufanyeje jamani, bahari tunaiona kwenye kalenda.

---

Bi Mpemba

@Mgogo, agiza mwani mkavu kilo moja, uoshe, uloweke usiku kucha, unarudi kama mbichi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo madumu saba ya fundi ni chumvi kilo tano hivi. Chumvi ya mawe ya dukani inatosha, usidanganywe na ya waridi.

---

Mgogo wa Area C

Kilo tano za chumvi na madumu saba ya maji, Dodoma hii? Nitakaa na mgongo wangu.

---

Fundi wa Barabara ya Nane

Mrejesho wa mwisho wadau, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Maneno ya @Mkanda Viungo yalinikaa kichwani. Nikafanya jaribio. Wiki ya nne nimeoga mara mbili maji yale yale, joto lile lile, dakika zile zile, bila mwani. Ngozi haikuwa kama ya mwani, hilo nasema. Lakini mgongo ulilegea vile vile. Sikuona tofauti hata kidogo. Na ukinibana zaidi nitakwambia kuna kitu cha tatu: zile dakika 20 simu ilikuwa ndani, duka limefungwa, binti kaambiwa asiniite. Miaka 22 sijawahi kukaa dakika 20 mchana bila kushika kitu mkononi.

Basi bamvu lililofuata nikarudi Mkinga. Nilitaka mwani mkavu kwa ajili ya sabuni (hiyo ni habari nyingine), na nikamchukulia yule mama sukari na majani. Nikamkuta anaanika. Akaniuliza, vipi mgongo? Nikamweleza yote, faluda na kikaa, akacheka tena. Nikamwambia, na wewe mama ujaribu, kiuno kitalegea.

Akaniambia, "Mwanangu, wewe waumwa kwa kukaa, mie naumwa kwa kuinama. Mwani nimeushika tangu alfajiri, na maji ya chumvi nimeyakalia mpaka hapa kifuani. Kama ni dawa, mie leo ningekuwa nacheza mpira."

Nikakosa la kusema. Nikamwambia si mwani mama, ni moto wa maji. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Yaani kukandwa?"

Wallahi nilihisi mjinga. Kukandwa! Sisi wote tuliozaa huku pwani tumekandwa. Mama yangu alinikanda siku arubaini, maji yanafuka, kanga inachovywa inakamuliwa inakandamizwa kiunoni, napiga kelele naye hajali. Nimemtafuta Ireland mtu wa kunieleza kitu ambacho mama alinifanyia kwa ndoo na kanga.

Mama akaniambia, "Mie tangu huyu kitinda mimba hajanikanda mtu. Na yeye sasa ana watoto wawili."

Tukateka maji ya kisima, baridi, hayana hata chembe ya chumvi. Mkwewe akawasha kuni. Nikaikunja kanga mara nne, nikachovya, nikakamua. Mgongo wake mgumu, jamani. Mie nashika vitambaa vigumu kila siku lakini ule mgongo ulikuwa kama turubai. Nikakanda kuanzia mabega mpaka kiuno. Mwanzo alikuwa anazungumza, ananipa bei ya mwani msimu huu na habari za mnunuzi aliyetoweka na mizani. Kidogo kidogo maneno yakapungua. Nikadhani amekasirika. Mkwewe akachungulia akaniashiria kwa kidole mdomoni.

Gari la jioni lilinipita, nikalala huko huko. Usiku wakanipa wali wa nazi na dagaa, kisha mkwewe akanikanda mimi.

Tangi liko uani bado. Binti anafulia.